Mwalimu wa watoto wasioona analipwa nini? Mimi nilidhani nimelipwa ng'ombe, nikampeleka mnadani

Wakuu, mnaonizidi umri shikamooni, kama mmebaki. Wengine wote marahaba.

Juzi humu kijana mmoja aliuliza mwalimu wa elimu maalumu analipwa kiasi gani, maana anataka kuchagua kozi. Majibu niliyasoma yote, mjukuu akinikuzia maandishi. Mmoja kasema posho ipo. Mwingine kasema posho ipo kwenye karatasi. Wa tatu kasema hiyo kazi ni sadaka, bora kijana auze mitumba.

Nikaona na mimi niseme langu. Kazi hiyo niliifanya Karatu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Sitaongeza chumvi. Pale nilipofanya upumbavu nitasema nilifanya upumbavu, maana waliohusika karibu wote wameshatangulia na hakuna aliyebaki wa kunisitiri.

Ni ndefu kidogo. Chukueni chai.

Mimi ni Mpare wa Usangi. Nilifika Karatu mwaka 1959 nikiwa kijana, nimetoka chuo cha ualimu na sanduku moja la bati. Nilipangiwa middle school. Kwa msiojua, middle school ilikuwa darasa la tano mpaka la nane, na ukifaulu mtihani wa la nane ndipo milango inafunguka. Ukifeli unarudi kwenu na suruali yako fupi.

Mjue pia kwamba middle school za wakati ule zilikuwa nusu shule, nusu shamba. Kila mwanafunzi ana jembe lake na tuta lake. Asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza watoto wanalima mahindi na maharage kwenye baridi ile ya Karatu, ukungu umeshuka hadi magotini. Ukisikia mzee wa rika langu anajisifu kwamba alisoma, mwangalie kwanza viganja.

Mwaka uliofuata akaja afisa elimu. Akauliza ni mwalimu gani yuko tayari kwenda kozi ya miezi kadhaa ya kufundisha watoto wasioona. Chumba kizima kikaangalia sakafu.

Mimi nikanyoosha mkono. Msinisifu. Nilidhani mtu akirudi na cheti cha pili skeli ya mshahara inapanda. Nilikuwa nataka kuoa, na baba mkwe wangu alikuwa mtu wa mahesabu.

Kozi nikaenda, nikajifunza maandishi ya nukta nundu, yale wasioona wanayosoma kwa vidole. Nikarudi na kibao cha chuma chenye vitundu na kijimsumari cha kutobolea karatasi. Mwezi wa kwanza nikapokea bahasha yangu, nikaihesabu mara mbili. Ilikuwa ileile.

Nikamuuliza karani. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mwalimu, orodha ya nafasi haina mwalimu wa vipofu. Una wanafunzi wangapi?"

"Watatu."

"Watatu si darasa."

Basi kwenye daftari la serikali nikabaki mwalimu wa darasa la sita kama zamani. Asubuhi nafundisha darasa langu, mchana nafundisha wale watatu kwenye chumba cha kuwekea majembe. Kijana uliyeuliza, jibu lako la kwanza ndilo hilo. Kiasi chenyewe sikitaji, mtaanza kukigeuza kuwa dola. Jua tu kwamba ikifika tarehe ishirini mimi na mke wangu Naelijwa (nilimuoa hivyohivyo) tulikuwa tunakunywa chai ya rangi.

Kati ya wale watatu, wavulana wawili walitoka shule ya msingi ya wasioona, nukta walikuwa wanazijua. Wa tatu alikuwa msichana wa Endabash, Mmbulu, au Mwiraqw kama mnavyosema siku hizi. Jina lake Paskalina.

Paskalina alisoma kwa macho yake hadi darasa la nne. Kisha surua ikapita kwenye vijiji vile, ikachukua wadogo zake wawili na ikamwachia yeye uhai bila macho. Alikuwa mrefu, mkimya, na akili yake ilikuwa kali kuliko ya wavulana wote wawili. Hesabu za kichwa alikuwa ananiwahi. Alikaa kwa shangazi yake karibu na shule.

Lakini kusoma kwa vidole hakuweza.

Wiki ya kwanza, ya pili, ya sita. Namwekea kidole kwenye nukta, namuuliza ni ngapi, anakisia. Wavulana wanacheka chini kwa chini. Siku moja uvumilivu ukaniishia nikamwambia, "Labda wewe kusoma kuliishia darasa la nne." Nililisema kwa sauti, mbele ya wenzake. Hakulia. Alikunja mikono akaiweka mapajani, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaiangalia ile mikono.

Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama gome. Nilizigusa. Asubuhi alikuwa analima na wenzake, anafuata kamba waliyomfungia pembeni ya tuta ili asipotee. Jioni kwa shangazi anasaga mahindi kwenye jiwe na kukamua. Ngozi ile ingeshika kaa la moto isihisi, sembuse kinundu cha karatasi.

Nilijisikia vibaya sana. Mwalimu mzima nimemwona mtoto mjinga wiki sita, kosa liko kwenye jembe ambalo shule yenyewe imempa.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba msichana asilime. Alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilikuwa ya mstari ulionyooka. Akaniambia, "Nikimtoa mmoja shambani leo, kesho jembe litabaki na mimi na wewe."

"Basi tuta lake nitalima mimi."

Alidhani namtania. Kesho yake asubuhi nikavua koti nikalima tuta la Paskalina. Nikalilima mwaka ule na miaka iliyofuata. Watoto wa darasa la tano walikuwa wanaulizana mwalimu amefanya kosa gani.

Likabaki la nyumbani. Shangazi akasema yeye hana neno, mwenye mtoto ni baba yake. Jumamosi nikatembea hadi Endabash.

Baba yake, Mzee Bura, alikuwa mwembamba, blanketi begani, na Kiswahili chake alikitoa polepole, kila neno akilipima. Nilimweleza habari ya vidole. Alisikiliza hadi mwisho.

"Asilime," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Asisage. Asikamue."

"Ndiyo."

"Sasa mtoto wa kike wa Kimbulu anayekaa na mikono hivi, watu watasema ni mgonjwa ama ni mgeni?"

 Nikamwambia tu kwamba akili yake ni nzima na inasubiri vidole. Akanipa maziwa, nikarudi zangu nikijua nimeshindwa.

Siku tisa baadaye tukamwona anakuja shuleni na ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji, ndama dume nyuma yake. Akanikabidhi kamba mbele ya Naelijwa. Akasema, "Maziwa mtakunywa. Siagi itoke kwa huyu, mumpake mtoto vidole. Asubuhi na jioni." Akanywa chai, akaondoka.

Wakuu, mimi nilimshika mke wangu bega nikamwambia serikali haikutulipa, Mungu katulipa. Usiku ule sikuwaza kitu kingine. Ng'ombe wa maziwa na ndama, kwa mwalimu wa bahasha yangu, si mchezo.

Naelijwa akawa anatikisa maziwa kwenye kibuyu, anatoa siagi, anampaka Paskalina vidole kila alipokuja. Wakapendana wale wawili. Ngozi ikaanza kuchubuka, ikatoka kidogokidogo, chini yake ikaja ngozi mpya laini.

Baada ya miezi minne hivi nilimwekea karatasi bila kumwambia nimeandika nini. Kidole kikapita. Kikarudi. Kikapita tena.

"Mwalimu," akasema, "umeandika siagi."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta chaki.

Kutoka hapo alikimbia. Darasa la sita, la saba, kila mtihani yumo kwenye watano wa kwanza. Mwalimu mkuu akaanza kuwaleta wageni wamwone. Mtihani wa darasa la nane ukawa unakuja, na kwangu mtoto yule ndiye ushahidi pekee kwamba kile chumba cha majembe kilikuwa darasa.

Sasa naingia kwenye upumbavu.

Mwanzoni mwa mwaka wake wa darasa la nane, mwalimu mwenzangu tuliyeanza naye kazi alipanda skeli kwa kozi ya aina nyingine. Akanunua baiskeli mpya, nyeusi, yenye taa. Akawa anapita nyumbani kwangu anagonga kengele hata kama njiani hakuna mtu.

Iliniuma. Sikumwambia mtu, ila iliniuma. Nalima tuta la mwanafunzi, nafundisha madarasa mawili kwa bahasha ya darasa moja, natembea kwa miguu. Nikamwangalia yule ng'ombe. Maziwa yalikuwa yamekata, ana mimba, na vidole vya Paskalina vilikuwa tayari. Nikajiambia ule ndio mshahara wangu na mtu na mshahara wake.

Naelijwa alikataa. Aliniambia, "Mzee Bura hakusema kwamba ametupa." Nikamwambia wanawake hawajui mambo ya mifugo. Jamani.

Nikampeleka ng'ombe mnadani. Akanunuliwa na mzee wa Kimaasai aliyeshuka kutoka juu Ngorongoro, Mzee Saitoti, miongoni mwa wale waliohamishwa kutoka Serengeti mwaka ule niliofika mimi Karatu. Nikarudi nyumbani na baiskeli. Ile kengele niligonga na mimi.

Miezi ikapita. Mwezi wa nane Mzee Bura akaja shuleni. Alikuwa akija mara mojamoja, anamwona binti yake, kisha anazunguka nyuma ya nyumba kumwona ng'ombe. Mimi nilidhani ni mapenzi ya mfugaji tu.

Siku hiyo akazunguka nyuma akakuta ndama dume peke yake, sasa amekuwa fahali mzima, na baiskeli imeegemezwa ukutani.

Akaniuliza, "Ngozi iko wapi?"

Sikuelewa. "Ngozi gani, mzee?"

"Ng'ombe akifa, ngozi inabaki. Nionyeshe."

"Hakufa. Nilimuuza."

Hakupaza sauti. Aliiangalia baiskeli, kisha akaniangalia mimi, na nikaona kitu kikifungwa usoni pake. Akaenda kwa shangazi, akamchukua Paskalina, akaondoka naye. Mtihani ulikuwa Novemba.

Nilimkimbilia mwalimu mwingine, Ami, ambaye ni Mwiraqw, nikiwa na hasira kabisa. Nikamwambia mzee kachanganyikiwa, ametoa zawadi halafu anadai ngozi.

Ami alivua miwani. "Nani kakwambia ni zawadi?"

Akanieleza, na hili nalieleza na nyinyi kwa sababu wageni wengi wamekosea hapa. Kwao mtu anachukua ng'ombe wake anamweka kwenye zizi la mtu mwingine. Maziwa ni ya anayetunza, samadi ni yake. Ng'ombe na uzao wake ni vya mwenyewe. Akifa, mtunzaji anapeleka ngozi, ili mwenye ng'ombe aone kwa macho kwamba hakudanganywa. Tena hawekwi kwa mtu yeyote tu. Anawekwa kwa ndugu, au kwa mtu ambaye umeamua kuanzia leo ni ndugu.

"Mimi niko shule hii miaka saba," Ami akasema. "Sijawahi kuona ng'ombe akiwekwa kwa mwalimu wa kutoka mbali. Alikuwa amekufanya mtu wa nyumba yake. Sasa anaona amemwacha binti yake kwa mtu anayeuza vya ndugu."

Nilikaa chini, wakuu. Nilikuwa nimepewa kitu ambacho afisa elimu hana uwezo wa kukitoa, nami nikakigeuza kengele.

Nikampa Naelijwa habari. Hakunisema. Alisema tu, "Mfuate ng'ombe."

Mwalimu mkuu akanipa siku mbili baada ya kumweleza ukweli wote. Nikapanda Ngorongoro kwa miguu, baiskeli nikaiacha, nilikuwa sitaki kuiona. Msitu wa ukingoni mwa kreta kule ni wa kupiga makofi na kuimba ili nyati wakusikie. Bomani kwa Mzee Saitoti nikafika mchana wa siku iliyofuata, nikamkuta ng'ombe wangu, au niseme ng'ombe wa Mzee Bura, ameshazaa ndama jike.

Mzee alinipokea vizuri. Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ng'ombe siyo ya mimi tena, mwalimu. Nimepatia mke mdogo. Ile mimi natoa kwa mke, mimi siwezi kuchukua. Wewe zungumza na yeye."

Mke mdogo, Nosikito, alikuwa msichana tu, mtoto mgongoni. Nikamsalimu kwa Kimaasai, "Yeyo, takwenya," akaitikia. Mumewe akatafsiri. Aliposikia kuna binti anasoma kwa vidole alicheka, akadhani mzee kakosea kutafsiri. Nikatoa kile kibao changu, nikatoboa karatasi, nikamwambia hili ni jina lako, Nosikito. Akapitisha kidole. Kidole cha mkamuaji, kigumu kama kile cha Paskalina wa zamani.

Akasema neno. Mumewe akatafsiri, "Anasema haoni kitu."

"Mwambie na yule binti alikuwa haoni kitu. Huyu ng'ombe ndiye alimtengeneza vidole."

Akalifikiria sana. Mwishowe akasema nimletee mwingine mwenye maziwa na ndama, kwa sababu na yeye ana mtoto wa kunyonyesha. Ilikuwa haki kabisa.

Nikashuka. Baiskeli nikamuuzia Mzee Abdalla mwenye duka, ambaye hakuniuliza sababu, ila siku nyingi baadaye aliniambia alishaisikia mji mzima. Pesa ikapelea. Nikaongeza saa yangu ya mkononi na bahasha ya mwezi ule, yote. Nikanunua ng'ombe mnadani, nikaomba siku nyingine, nikapanda tena. Tukabadilishana.

Mwalimu mkuu aliniandikia kwenye faili langu kwamba natoroka kazini. Hakukosea.

Siku niliyoshuka naye hadi Endabash nilikuwa nimechoka kiasi kwamba yule ng'ombe ndiye alikuwa ananiongoza. Mzee Bura alikuwa uani. Alinyanyuka, akaja, akaangalia baka la kwenye paji, akaangalia alama ya sikio. Akamwangalia ndama.

Nikanyoosha kamba nimrudishie. "Nimekosa, mzee. Sikujua, na mke wangu alinionya sikusikia. Huyu hapa, na uzao wake. Yule dume yupo nyumbani, nitamleta."

Hakuipokea kamba.

Aliita jina, Paskalina akatoka ndani. Zilikuwa zimepita wiki sita tangu amchukue. Nilijua kilichotokea, mtoto amerudi nyumbani kwenye jiwe la kusagia na jembe la msimu, vidole vimekwisha, na mtihani ndio huo. 

Mzee akamshika mkono binti yake, akaugeuza kiganja juu, akauleta mbele ya macho yangu.

Ulikuwa laini. Ncha za vidole zinang'aa siagi mpya ya asubuhi ile.

"Hakushika jembe," Mzee Bura akasema. "Mama yake amesaga. Mimi nimekamua. Watu wamecheka." Kisha akaniuliza, kama vile mimi ndiye nimechelewa tu njiani, "Mbona umemleta ng'ombe huku? Huko shuleni mtoto atapakwa nini?"

Tukarudi Karatu siku ileile, ng'ombe mbele, ndama katikati, Paskalina ameshika mkia wa ndama, mimi nyuma. Mimi nalia waziwazi, na bahati yangu aliyekuwa nami hawezi kuona. Akasema, "Mwalimu, usikanyage kimya hivyo, nitadhani nimekuacha." Alikuwa anajua.

Alifaulu. Akaenda kusomea kazi ya simu, akafanya kazi Arusha kwenye mitambo ya kuunganisha simu hadi anastaafu. Kama uliwahi kupiga simu kutokea Arusha enzi zile ukaambiwa na sauti ya upole "subiri nakuunganisha", labda ni yeye.

Mimi nilihamishwa miaka ya mwisho ya sitini. Nikamrudishia Mzee Bura ng'ombe na uzao wote, jumla sita. Akawapanga, akamtoa mtamba mmoja mwekundu pembeni, akanipa kamba. Safari hii alisema mwenyewe, mbele ya watu, "Huyu ni wako." Nikampandisha lori hadi Usangi. Uzao wake upo hadi leo, na wajukuu zangu wanajua kwamba katika zizi lile hakuna anayeuza bila kuniuliza.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza. Mshahara ni uleule wa mwenzako, labda na posho ukifuatilia kwa miguu. Dai haki yako, usidanganywe kwamba ni kazi ya sadaka, mimi mwenyewe skeli yangu nimeililia miaka. Ila wazazi wa watoto wale watakupa kitu kingine, na siku ya kwanza hutakijua ni kitu gani. Usikimbilie kukipa bei. Uliza kwanza wenyeji, na ukiwa na mke, msikilize.

Walimu wa elimu maalumu mliomo humu, na nyinyi wa Karatu mnaojua mila hii kuliko mimi, nirekebisheni nilipokosea. Macho yangu siku hizi hayafiki mbali, mjukuu atanisomea, hata matusi.